Kuifufua Commodore 64 ya mtumba: adapta kwanza, swichi baadaye

Commodore 64 ni kompyuta ya nyumbani iliyoanza kuuzwa nchini Marekani mwezi Agosti 1982 kwa dola 595, ikaendelea kutengenezwa mpaka kampuni yake ilipofilisika mwaka 1994, na katika muda huo ziliuzwa zaidi ya milioni 12. Kwa wingi huo bado si adimu: zimejaa katika magulio ya vitu vikuukuu huko Ujerumani na Uingereza, na nyingine zimelala kwenye dari za nyumba za watu waliokwisha kusahau kwamba wanazo. Kwetu Tanzania historia ilikuwa nyingine, kwa sababu serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na wakati wenzetu wa Ulaya wanajifunza kuandika programu sebuleni kwao, sisi wengi wetu tulikuwa hatujaiona kompyuta kwa macho. Ya kwangu ililetwa na shemeji yangu kutoka Hamburg, ikiwa imefungwa ndani ya taulo katikati ya nguo.

Maelezo haya ni kwa mtu aliyepata mashine kama hiyo na bado hajui kama ni nzima. Ninayaandika kwa sababu mashine yangu ya kwanza niliiua kwa mikono yangu, ndani ya dakika ishirini, na ningeweza kuiokoa kwa kipimo kinachochukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Kabla ya kulipa

Muuzaji akisema kwamba mashine "inawaka", muulize aliiwasha lini, kwa adapta ipi, na aliona nini kwenye skrini. Taa nyekundu iliyo juu ya kibodi haithibitishi chochote, kwa kuwa inahitaji umeme wa volti 5 tu na itawaka hata kama chipu zote zimekufa. Uthibitisho ni picha ya skrini ya samawati yenye neno READY, na kama muuzaji hana picha hiyo, lipa bei ya mashine mbovu au uiache.

Jambo la pili la kuuliza ni nchi ilikonunuliwa. Mashine zilizouzwa Ulaya hutoa picha ya mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika pia Afrika Mashariki, na adapta zake zilitengenezwa kwa umeme wa volti 220 hadi 240 na hezi 50 kama wetu. Mashine ya Marekani ni ya mfumo wa NTSC, adapta yake ni ya volti 120, na ukiichomeka kwenye soketi ya ukutani hapa utaiunguza papo hapo. Michezo mingi iliyoandikwa Ulaya nayo husumbua kwenye mashine ya NTSC. Nakushauri utafute ya Ulaya, hata kama ya Marekani ni ya bei nafuu zaidi.

Kuhusu umbo, yapo mawili makuu: lile la zamani la rangi ya kahawia lenye mgongo wa mviringo, ambalo Wajerumani huliita sanduku la mkate, na lile jembamba la rangi nyeupe ya maziwa lililotoka mwaka 1986. Yote mawili ni mazuri. La zamani lina nafasi zaidi ndani, na katika mashine nyingi baadhi ya chipu zimechomekwa kwenye vikalio badala ya kulehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, jambo linalomrahisishia kazi fundi anayeanza.

Adapta ndiyo adui

Adapta ya kompyuta hii ni boksi zito lenye nyaya mbili, moja ya kwenda ukutani na nyingine yenye plagi ya duara ya pini saba. Ndani yake hutoka umeme wa aina mbili kwa pamoja: volti 5 za DC, ambazo ndizo zinazolisha karibu chipu zote, na volti 9 za AC, ambazo mashine huzigeuza yenyewe kwa ajili ya sauti, kinasa kaseti na, katika bodi za zamani, chipu ya picha. Adapta nyingi za mwanzo zilijazwa gundi ngumu ndani, zikawa kama tofali. Gundi hiyo huhifadhi joto, joto huchosha regyuleta (kipande kinachodhibiti volti) mwaka baada ya mwaka, na regyuleta hiyo inapokufa mara nyingi haikati umeme bali huuachia. Badala ya volti 5 mashine hupokea 6, 7 au zaidi, na chipu za kumbukumbu ndizo zinazoungua kwanza. Kwenye njia hiyo ya volti 5 hakuna fyuzi ya kuikinga bodi; fyuzi iliyomo ndani ya mashine inalinda njia ya volti 9 peke yake.

Hivyo ndivyo nilivyopoteza mashine yangu. Ilikuja na adapta isiyo na jina wala lebo, nikaichomeka, skrini ya samawati ikatokea, nikawaita watoto waje waone. Baada ya muda herufi zikaanza kugeuka zenyewe, R ikawa alama nisiyoijua, kisha skrini ikawa nyeusi. Nilipochukua multimita, kifaa cha kupimia umeme, jambo nililopaswa kulifanya kabla, adapta ilikuwa inatoa volti 6.8. Kati ya chipu nane za kumbukumbu, tano zilikuwa zimekwisha.

Basi pima, na upime hivi. Chomeka adapta ukutani bila kuiunganisha na kompyuta. Ishike plagi ya duara ili pini zikuangalie, na utafute mkato wake. Pini saba zimepangwa kama kiatu cha farasi. Pini mbili za mwisho, zile zilizo karibu na mkato, ndizo zinazobeba volti 9 za AC. Pini iliyo katikati kabisa ya kiatu, mkabala na mkato, ni ardhi. Pini mbili zinazopakana na hiyo ya katikati ni tofauti: moja ina volti 5 na nyingine haina kitu, na katika baadhi ya plagi hiyo isiyo na kitu haikuwekwa kabisa. Weka multimita kwenye DC, waya mweusi uguse pini ya katikati, mwekundu uguse jirani zake mmojammoja, nawe utaipata. Fanya hivyo taratibu, kwa kuwa pini ziko karibu na ncha ya waya ikigusa mbili kwa pamoja utafanya shoti.

Kipimo kinachokubalika ni kati ya volti 4.75 na 5.25. Ikizidi 5.25, adapta hiyo ifunge kwa kamba na uitoe nje ya nyumba, usimpe mtu mwingine. Kwenye pini za AC utaona labda 10 au 11 badala ya 9, na hilo halina tatizo, kwa kuwa transfoma isiyo na mzigo hutoa zaidi kidogo.

Lakini kipimo cha mara moja hakitoshi, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwani adapta yenye ugonjwa inaweza kutoa volti 5 kamili ikiwa baridi na kuanza kupanda ikishapata moto. Nunua rezista ya ohmu 4.7 yenye uwezo wa wati 10, ambayo ni ya bei ndogo katika duka lolote la vipuri vya redio, uiunge kati ya pini ya volti 5 na ardhi ili ivute takriban ampea moja, uilaze juu ya kigae au sahani ya udongo kwa sababu itakuwa ya moto sana, kisha upime kila baada ya dakika tano kwa muda wa nusu saa. Adapta inayobaki palepale nusu saa nzima ni ya kuaminika kwa majaribio. Sisemi ni ya kuaminika kwa kudumu.

Kwa matumizi ya kudumu ninakusihi upate adapta mpya. Wapo watu Ulaya wanaozitengeneza upya kwa ajili ya mashine hii, na fundi mzuri wa hapa anaweza kukuundia kwa kutumia chanzo cha kisasa cha volti 5 chenye uwezo wa ampea 3 pamoja na transfoma ndogo ya volti 9 ya ampea moja, vyote ndani ya kasha moja la plastiki lenye fyuzi. Kama hujawahi kufanya kazi na umeme wa ukutani, kazi hiyo mwachie aliyezoea. Na kwa kuwa umeme wetu hupanda na kushuka, hasa unapokatika na kurudi, chomeka adapta kwenye stebilaiza, ileile unayoitumia kulinda friji.

Kuifungua na kuisafisha

Geuza mashine, utaona skrubu tatu za nyota kwenye ukingo wa mbele wa sehemu ya chini. Ukizitoa, mfuniko hufunguka kwa kuinuka upande wa mbele kama mfuniko wa kasha la nguo, ila usiuvute kwa nguvu, kwa kuwa katika umbo la zamani kibodi imefungwa kwenye mfuniko huo na imeunganishwa na bodi kwa kundi la nyaya, pamoja na nyaya nyingine ndogo za taa. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote. Ndani unaweza kukuta karatasi ngumu yenye upande wa fedha au bati lililofunika bodi. Kazi yake ni kuzuia mawimbi ya redio.

Mashine iliyokaa miaka mingi karibu na bahari huwa na mambo mawili: kutu ya kijani kwenye soketi na uchafu wa mende. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya rangi ikiwa kavu. Uchafu ulioganda futa kwa alkoholi ya isopropili na pamba za masikioni, na uache bodi ikauke kabisa. Kingo za shaba za milango ya nyuma, pale panapochomekwa kinasa na vifaa vya mlango uitwao user port, zisugue polepole kwa kifutio cha penseli mpaka zing'ae, halafu uzifute kwa alkoholi. Chipu zilizo kwenye vikalio zikandamize kwa kidole gumba mojamoja. Joto la miaka arobaini huzifanya zijiinue kidogo, na nimewahi kuona mashine "mbovu" ikipona kwa kukandamizwa tu. Kabla ya kugusa bodi, shika kwanza kitu cha chuma kilichogusana na ardhi ili umeme tuli wa mwilini uondoke. Kwa sababu hiyohiyo usiziguse kwa vidole pini za milango ya vijiti vya kuchezea iliyo ubavuni, kwani zinaelekea moja kwa moja kwenye chipu.

Plastiki iliyogeuka njano iache ilivyo. Wapo wanaoipaka dawa ya kung'arisha nywele na kuianika juani, na mara nyingine hutoka na mabaka mabaya kuliko ile njano.

Picha kwenye runinga

Mashine ina njia mbili za kutoa picha. Ya kwanza ni waya wa antena, na kwa mashine nyingi za PAL runinga hutafuta picha kwenye chaneli ya 36 ya UHF. Inafanya kazi, ila picha huwa na chenga. Ya pili ni soketi ya duara iliyo nyuma, inayotoa picha na sauti kwa waya unaoishia kwa plagi za AV, ya njano kwa picha na nyeupe au nyekundu kwa sauti. Waya huo unanunuliwa tayari au unaundwa kwa urahisi: pini ya 4 ni picha, ya 3 ni sauti, ya 2 ni ardhi. Runinga za chogo huipokea picha hii bila shida na kwa rangi nzuri. Kama bado unayo moja stoo, usiitupe. Baadhi ya runinga za bapa za kisasa hudai kwamba hakuna mawimbi, hata mashine ikiwa nzima, kwa hiyo jaribu runinga mbili kabla ya kutoa hukumu.

Kuwasha

Chomeka kila kitu swichi ikiwa imezimwa, na huo uwe utaratibu wako siku zote, kwa waya wowote. Washa, kisha hesabu moja, mbili, tatu. Skrini hukaa tupu kwa sekunde mbili au tatu hivi kwa sababu mashine inaikagua kumbukumbu yake, halafu unatakiwa uone mandhari ya samawati iliyoiva ndani ya ukingo wa samawati hafifu, mstari wenye COMMODORE 64 BASIC V2, chini yake 38911 BASIC BYTES FREE, kisha READY na kialama kinachopepesa. Itazame namba ile vizuri. Ikiwa ni pungufu ya 38911 na hakuna katriji (kasha dogo la programu linalochomekwa nyuma ya mashine) iliyochomekwa, ukaguzi umekwama mahali, na kuna chipu ya kumbukumbu yenye hitilafu.

Skrini ikibaki nyeusi, zima, usiiache ikiwa imewaka kwa matumaini. Hakikisha kwamba fyuzi ya ndani, iliyo karibu na swichi, inapitisha umeme, maana katika bodi za zamani ikikatika chipu ya picha hukosa volti 12 zake huku taa nyekundu ikiendelea kukudanganya. Baada ya hapo washa kwa dakika moja, zima, na uguse chipu za kumbukumbu, ambazo katika bodi nyingi za zamani ni nane zilizopangwa pamoja: moja ikiwa ya moto sana kuliko wenzake, hiyo ndiyo mgonjwa wako. Ikiwa zote ziko sawa, mshukiwa anayefuata katika mashine za umbo la zamani ni chipu inayoitwa PLA, yenye alama U17 kwenye bodi, ambayo inajulikana kwa kufa na kuacha skrini nyeusi. Mbadala wake wa kisasa unauzwa. Ipo pia katriji ya uchunguzi inayofanya kazi hata kumbukumbu ikiwa mbovu: huimulika skrini mara kadhaa, na idadi ya mimuliko hukuonyesha chipu gani ya kubadilisha. Kwa mtu anayetarajia kutengeneza zaidi ya mashine moja, hiyo ndiyo ningeinunua baada ya multimita.

Mashine ikisema READY, ijaribu. Andika POKE 53280,2 na ubonyeze RETURN, ukingo unapaswa kuwa mwekundu. Kwa sauti, andika mstari huu: POKE 54296,15:POKE 54278,240:POKE 54273,28:POKE 54276,17. Utasikia mlio mmoja mnyoofu usiokoma, nao unazimwa kwa POKE 54276,16. Mlio huo unatoka kwenye chipu ya SID, ambayo watunzi wa muziki bado wanaitafuta hadi leo, na kwa sababu hiyo baadhi ya wauzaji huichomoa na kuiuza peke yake. Kama husikii kitu, fungua uangalie kama kikalio chake hakiko wazi.

Halafu bonyeza kila herufi. Vitufe vichache visivyoitika kwa kawaida ni uchafu: chini ya kila kitufe kuna kipande kidogo cha kaboni kinachogusa bodi ya kibodi, na vyote husafishwa kwa alkoholi. Bodi hiyo imeshikwa na skrubu ndogo nyingi, na kitufe cha SHIFT LOCK kina nyaya mbili zilizolehemiwa ambazo lazima uzitoe kwa pasi ya kulehemu kabla bodi haijaachia. Kibodi nzima ikiwa kimya huku kialama kikipepesa, au kialama kisipotokea kabisa, angalia kwanza kama nyaya za kibodi zimechomekwa sawasawa, ndipo uishuku chipu inayosoma kibodi, yenye alama U1 kwenye bodi.

Kupakia programu

Njia ya asili ni kinasa kaseti maalumu cha mashine hii. Injini yake huzunguka pale tu kinapounganishwa na kompyuta, hivyo usikione kibovu ukikijaribu peke yake. Safisha kichwa chake kwa alkoholi, tazama kama mkanda wa mpira ulio ndani haujalegea au kuyeyuka, kisha andika LOAD na RETURN. Mashine itakuambia PRESS PLAY ON TAPE, na ukibonyeza skrini yote hupotea na kubaki rangi tupu. Hilo si kosa, ndivyo inavyosoma. Ikipata programu huonyesha FOUND na jina lake, nawe unabonyeza kitufe chenye nembo ya kampuni kilicho kushoto chini ili iendelee. Programu kubwa bila kiharakishi inaweza kuchukua dakika kumi.

Kaseti za miaka hiyo zimechakaa, na kwa matumizi ya kila siku mimi ninatumia kifaa kidogo kiitwacho SD2IEC, kinachosoma kadi ya SD na kujifanya kiendesha diski. Andika LOAD"$",8 kisha LIST ili uone yaliyomo, na LOAD"*",8,1 ili upakie programu ya kwanza, halafu RUN. Alama za kunukuu kwenye kibodi hii zinapatikana kwa SHIFT na 2, na alama ya dola kwa SHIFT na 4. Nilipoteza jioni nzima kabla sijaligundua hilo, kwa kuwa alama za kunukuu nilikuwa nikizitafuta pale zilipo kwenye kompyuta yangu ya sasa.

Ukimaliza, zima swichi ya mashine, na pia chomoa adapta ukutani, kwa sababu transfoma yake hubaki na umeme na kupata joto muda wote inapokuwa imechomekwa. Mimi huihifadhi mashine kwenye kasha la plastiki lenye mfuniko pamoja na vifuko viwili vya kunyonya unyevu, na adapta mpya nimeibandika karatasi yenye tarehe na kipimo cha mwisho. Kipimo hicho ninakirudia kila baada ya miezi mitatu.